Chupa ya Chai ya Kogo

S.L.P. 61,
Rongai, Nakuru.
Tarehe 9 Machi, 2025.

Mpendwa ndugu yangu Micah,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, ambako vumbi la mwezi huu linatuingia hadi kwenye meno. Hujambo? Sue naye hajambo? Na Kibii wangu, je, lile jino la mbele limeng'oka, au bado analitingisha kwa ulimi kama alivyonionyesha kwenye simu? Mgongo wako vipi tangu wakupe yale malori ya safari ndefu? Usinijibu kwamba uko sawa, maana hilo ndilo jibu lako hata ukiwa na homa. Mtu anayeshinda kwenye usukani katika baridi ya kugandisha machozi hawezi kuwa sawa.

Sisi huku tunaendelea, namshukuru Mungu. Mvua bado. Shamba la chini limeshalimwa, mbegu zimo ghalani, nasi tunatazama mawingu yakitupita kwenda kuwanyeshea wengine. Yule ng'ombe wa kijivu uliyemchagua wewe amezaa ndama jike mwenye kichwa kigumu kama cha aliyemnunua mama yake. Magoti yangu yananisumbua nikipanda ngazi za kanisa, lakini mdomo wangu ni mzima kabisa, kama utakavyoona.

Najua unashangaa kupokea karatasi badala ya simu. Sally, binti ya mchungaji, anakuja huko kusoma, akakubali kunibebea barua hii kwenye mkoba wake. Kwa simu mimi na wewe hatuwezani. Wewe hunikatiza, mimi hupandisha sauti, halafu sote tunasingizia network. Nililo nalo leo linataka mtu aseme hadi mwisho. Kwa hiyo kaa chini. Sue akiwa karibu mwambie akupikie chai, na aweke sukari.

Jumapili iliyopita, kwenye simu ya video, mama alikuita Kipketer. Ulicheka, ukamwambia, "Mama, ni mimi Micah," naye akakuuliza kama umeshafunga ndama. Baadaye ukaniuliza ana nini, nikakujibu kwamba picha ilikuwa mbaya, hakukuona vizuri. Nilikudanganya. Picha ilikuwa safi, hata zile mvi zilizoanza kwenye ndevu zako niliziona. Mama alikuona vizuri sana, akakudhania ni baba.

Mama anasahau, Micah. Sisemi kule kusahau mahali ulipoweka miwani. Anaosha kikombe kimoja asubuhi nzima. Anatoka kwenda kufunga lango lililofungwa, anarudi, anakaa kidogo, anatoka tena. Juzi Jumatano alivaa nguo yake ya kanisa, ile ya buluu, akakaa barazani na mkoba mapajani akitungoja tumpeleke ibadani. Nikamwambia leo si Jumapili. Akasema, "Sawa," akaendelea kungoja.

Kila ulipouliza nilikuambia ni uzee. Uzee upo, amepita miaka sabini na minne, sikatai. Lakini kuna jambo lingine, na jambo hilo lina mkono wangu ndani yake. Nimelizunguka miezi mitano kama kuku anayetafuta pa kutagia. Leo nimechoka kuzunguka.

Unakumbuka baba alivyoondoka. Wewe ulikuwa umeshasafiri, ukaambiwa tu kwamba mguu umekatwa, kisha ukaambiwa njoo tuzike. Mimi ndiye niliyeosha kile kidonda. Baba alikuwa akijua ana kisukari na bado akikoroga vijiko vinne, mama akimpakulia, sisi tukicheka kwamba mzee anapenda utamu. Siku tuliyomzika nilisema moyoni kwamba sukari haitaingia tena katika nyumba hii. Kwa hiyo mama alipopatikana na ugonjwa uleule, na mimi nikastaafu kazi ya matroni na kuhamia kwake, nilifika nimeshajiapiza.

Wewe unanijua. Miaka ishirini na kitu nimelinda mabweni ya wasichana. Najua mahali pote ambapo mtu anaweza kuficha mkate. Nilimvamia mama yetu kwa ujuzi huohuo. Nilitoa sukari jikoni, nikatoa asali, nikapunguza ugali ukawa wa kuonja. Ndizi alizozizoea nikaziuza. Akala mboga za kuchemsha na kipande cha nyama kama mtu aliyekosea serikali. Na dawa je? Dawa nilimpa kamili, vidonge asubuhi na jioni, na insulini nikamdunga mwenyewe bila kukosa hata siku moja. Hapo ndipo nilipopotea, na kwa muda mrefu sikujua kwamba nimepotea. Chakula nilikipunguza karibu nusu. Dawa iliyopimwa kwa chakula kile cha zamani sikuipunguza hata tone.

Tena sikuishia nyumbani. Wewe umekaa nje miaka mingi lakini hujasahau kwamba kwetu mtu haingii nyumba ya mtu akatoka bila chai, na chai yetu hutiwa sukari ikiwa bado jikoni, hakuna cha kuuliza mgeni vijiko vingapi. Mama akitoka hapa hadi dukani alikuwa anakunywa vikombe vitatu njiani. Basi nikazunguka nyumba kwa nyumba. Nikasimama hata kanisani kwenye mkutano wa akina mama, nikatangaza kwamba yeyote atakayempa mama sukari anamchimbia kaburi. Wakapiga makofi. Wakanipenda kwa hilo! Kila nyumba ikatenga chupa yake ndogo ya chai isiyo na sukari, wakaiita chupa ya Kogo, kwa sababu watoto wote wa hapa humwita mama Kogo, nyanya yao. Mama Cheptoo, jirani yetu wa karibu, hata aliifungia utepe mwekundu ili isichanganywe. Nilijivunia chupa zile kuliko cheti changu cha kustaafu.

Na nikawaonya jambo moja zaidi. Nikawaambia, huyu mama ni mjanja, atawaambia ana kizunguzungu, atawaambia anazimia, msimwamini. Hayo ni maneno yangu, Micah. Niliyasema nikicheka, nao wakacheka.

Mama alikuwa na peremende. Alizifunga kwenye pindo la leso, tatu au nne, zile za rangi nyekundu. Nilipozipata aliniambia nesi wa kliniki ndiye aliyemwambia atembee nazo, akisikia kutetemeka ale moja. Nikasema huo ni uongo wa bwenini. Nilikuwa nimeusikia mara elfu, "Matron, ni dawa, nimeambiwa na nesi." Nikampekua mama yangu, mtu aliyenizaa, kama mtoto wa kidato cha kwanza, nikawapa watoto wa barabarani zile peremende akiwa anatazama. Hakugombana. Siku iliyofuata nikazipata kwenye mfuko wa kitabu cha nyimbo. Nikachukua. Baadaye zikawa ghalani, chini ya debe la mbegu. Nikachukua. Tukacheza mchezo huo mwaka mzima na zaidi, mimi nikijiona mshindi.

Nawe utakumbuka zile picha nilizokuwa nikikutumia za mashine ya kupima sukari, ile uliyotuletea. Tatu nukta moja. Mbili nukta nane. Nikakuandikia, "Tazama, mama ana sukari ya mtoto mchanga!" Ukanijibu kwa vile vidole gumba na mikono ya kupiga makofi. Sikulaumu hata kidogo, wewe ni dereva wa malori, utajuaje? Mimi ndiye niliyekuwa na mashine mkononi na mama mbele yangu. Tena kwa sababu namba zilikuwa nzuri hivyo, niliacha kumpeleka kliniki. Nikasema sisi tukapige foleni ya nini wakati tumeshapona? Kama ningempeleka hata mara moja, mtu angeziona namba zile akashika kichwa na kupunguza dawa.

Dalili zilikuwepo, na mwenye macho haambiwi tazama, ila mimi yangu nilikuwa nimeyafumba. Alikuwa akiamka shuka zimelowa chapachapa, nami nikinung'unika kwa kufua. Asubuhi nyingine alikuwa mkali bila sababu, akamtukana mzee wa kanisa aliyekuja kutuombea, yeye ambaye hajawahi kumtukana hata mbwa. Siku nyingine alikaa ameshika kijiko, anakitazama tu, hajui ni cha nini, na baada ya kula akawa sawa. Tulisema ni kisirani cha uzee. Akina mama wakaja kumwombea roho ya hasira imtoke. Walikuwa wanamwombea mtu mwenye njaa.

Sasa nikueleze ile siku ya Oktoba, kwa sababu ulichosikia si chote.

Waithera, yule tuliyefanya kazi naye bwenini, alikuwa anaozesha binti yake huko Bahati, na sherehe ya ruracio, ya kupokea mahari, ilikuwa siku hiyo. Gari la kutuchukua lilifika mapema kuliko tulivyopatana, likaanza kupiga honi langoni. Nikamdunga mama insulini kwa haraka, kipimo kilekile, nikamwambia, "Uji uko kwa sufuria, mama, usisahau kunywa." Akaitikia. Nikapanda gari nimejipaka mafuta na kujifunga kilemba. Nilirudi kuukuta uji ule sufuriani, umefanya ngozi juu, haujaguswa.

Alisikia vibaya, akatafuta peremende pindoni hakuna. Akaenda kwa Mama Cheptoo. Mama Cheptoo ndiye aliyenisimulia, na alilia sana akisimulia. Mama aliingia ametota jasho, mikono inatetemeka, akasema anataka chai ya sukari. Mama Cheptoo akacheka. "Wee Kogo, unataka Jepleting aniue? Yako ndiyo hii hapa." Akamimina kutoka ile chupa ya utepe mwekundu. Mama akanywa, akamwambia, "Nipe hata ya kulamba tu. Nasikia kama nazimika." Na Mama Cheptoo akakumbuka onyo langu, akafunga kabati.

Mama akatoka. Akaenda nyumba ya pili, wakamletea chupa ya Kogo. Akaenda ya tatu, wakamletea chupa ya Kogo. Nyumba tatu za watu wanaompenda, kila moja ina sukari ndani, na kila moja inamnyima kwa sababu binti yake amesema hivyo.

Wakati huo mimi nilikuwa Bahati nimekaa kwenye kiti kilichovishwa kitambaa, nakula keki. Keki ilikuwa tamu, nikaomba kipande cha pili. Hili halikuwa na haja ya kuandikwa, lakini ndilo linalonirudia kila nikifumba macho, kwa hiyo chukua na wewe ulijue.

Kabiru, yule kijana anayekusanya maziwa kwa pikipiki, ndiye aliyemkuta kando ya barabara karibu na shamba la mahindi makavu. Watu wawili walikuwa wamempita wakidhani amelewa. Mama yetu, Micah, ambaye hata mvinyo wa meza ya Bwana huuonja tu mdomoni! Kabiru akanipigia. "Madam, huyu ni mathe yako? Nimempata hapa chini, macho iko wazi lakini haniskii." Nilimwambia amkimbize hospitalini, nikaanza kulia mbele ya wageni wa watu.

Nilipofika Nakuru walikuwa wameshamtundikia maji ya sukari. Namba ilikuwa moja nukta sita walipompima mara ya kwanza. Alikuwa amepata degedege pale mapokezi. Alifungua macho jioni, akaniita kwa jina la dada yake marehemu, nami nikadhani ni usingizi.

Daktari ni kijana mmoja aitwaye Kihara, mpole, angeweza kuwa mwanangu. Aliniuliza maswali, nikamjibu kwa kiburi kidogo mwanzoni, nikamwonyesha hata zile picha kwenye simu. Alizipitia moja moja. Kisha akasema, "Madam, ubongo hula sukari, na hauna ghala. Kila mara namba iliposhuka chini ya nne hivi, ubongo wa mama ulilala njaa." Akanieleza kwamba kwa mzee kama mama, sukari kushuka namna hii ni hatari kuliko kupanda kidogo. Figo zake zimechoka, dawa inakaa mwilini muda mrefu kuliko zamani. Na wale wanaoshuka mara kwa mara, hasa wakifikia kuzimia, wengi wao huja kupoteza kumbukumbu. Tena kusahau kukishaanza, mtu husahau kula baada ya sindano, akashuka tena, mambo yakawa yanasukumana hivyo hivyo kuelekea chini.

Nilimwuliza moja kwa moja kama ni mimi niliyemharibu mama. Alisema hawezi kuapa. Pengine kusahau kulikuwa kumeshaanza chini kwa chini, pengine ni presha, pengine ni kisukari chenyewe cha miaka mingi. Akaniambia watu wengi hufanya kosa hili kwa upendo. Nilishukuru, lakini neno hilo halikunishuka. Alitaka kunipunguzia mzigo, na mzigo wenyewe naujua uzito wake kwa sababu niliufunga mimi.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu amehamia kabisa, analala nami kitanda kimoja.

Sasa nije kwa Mama Cheptoo. Ulipopiga simu wiki ile nilikuambia mama alienda kwa Mama Cheptoo kuomba chai akanyimwa, akaanguka. Ni kweli, na ni uongo mtupu. Nilikuachia hapo kwa makusudi. Ukamtumia Mama Cheptoo ujumbe wa sauti mkali sana, ukamwambia ana moyo wa jiwe na kwamba asikanyage kwetu. Nilijua. Ningeweza kukupigia dakika ileile, sikukupigia, kwa sababu nilipata nafuu kidogo kumwona mtu mwingine akibeba. Tangu siku hiyo mama yule hapiti langoni. Hupitia upande wa mahindi kuja kumsalimia mama, na akinisikia natoka hujikunja kama mwizi. Alifanya nilichomwomba, Micah. Alifanya kwa uaminifu kuliko mtu yeyote. Mpigie. Mwambie maneno yale yalikuwa yangu, nawe uliyatuma kwa anwani isiyofaa. Mimi nimeshampigia magoti jikoni kwake, akanisamehe kwa kunipa chai, lakini sauti anayoisikia usiku ni yako.

Mambo nyumbani yamebadilika. Vidonge vimeondolewa, insulini imepunguzwa sana, na daktari ametuambia tusikimbilie namba ndogo tena. Hata ikiwa kumi hatutishiki. Mama anakula ugali wake, kiasi, na ndizi yake. Simdungi kabla sijaona sahani mbele yake na mkono ukienda mdomoni. Kliniki hatukosi. Chupa za Kogo zimekwisha mtaani. Katika nyumba nne sasa kuna kopo la glukosi limewekwa juu ya kabati, na kila mtu anajua mama akionekana anatota jasho au anapotewa na maneno, apewe kwanza, maswali baadaye. Nilitangaza hilo kanisani palepale nilipotangaza lile la kwanza. Safari hii hakuna aliyepiga makofi, na ilikuwa sawa.

Tangu Oktoba hajaanguka tena. Lakini kilichokwenda hakirudi, maji yakimwagika hayazoleki. Asubuhi ndizo saa zake nzuri. Akishakunywa chai hukutaja wewe kwa jina, huuliza kama umeshapata koti zito, husimulia ulivyoanguka kwenye shimo la majani ya ng'ombe ukiwa mdogo. Hiyo ni asubuhi, na si zote. Ikifika mchana wewe huwa baba, na mimi huwa mtu mwingine.

Wewe umeniambia utakuja Desemba ya mwaka ujao, Kibii akifunga shule na Sue akipata likizo. Nakuomba usingoje. Njoo Aprili hii, hata peke yako, hata kwa wiki moja. Si kwa mazishi, usishtuke. Mwili wake una nguvu, anaweza kutuzika sisi sote. Ninachoogopa ni wewe kufika na koti lako na masanduku yako, umkumbatie, naye akuulize kwa adabu umetoka kwa nani.

Na kuna sababu nyingine. Nimeiacha mwisho kwa sababu kuiandika kunanitia aibu.

Jumanne asubuhi nilimkuta mama amekaa jikoni, uso unang'aa kwa jasho. Nikampima, ilikuwa imeanza kushuka. Nikachemsha chai upesi, nikatia sukari, nikakoroga mbele yake, nikamshikia kikombe anywe. Akanywa yote. Mikono ikatulia. Kisha akanishika kifundo cha mkono, akanitazama usoni kwa macho ya upendo ambayo sijayaona tangu nilipokuwa msichana, akaniambia, "Wewe ni mtu mzuri. Aliyekuzaa alikulea vizuri." Nikasema, "Asante, mama." Akageuka kutazama mlangoni, akashusha sauti. "Lakini ficha hiyo sukari haraka, kabla Jepleting hajaja."

Nilichukua lile bakuli la sukari, nikalificha nyuma ya sufuria kubwa. Ndipo akatulia.

Jina langu amelisahau usoni pangu, Micah, ila hajasahau kumwogopa mwenye jina hilo. Nimemwambia mara nyingi kwamba Jepleting ameruhusu, kwamba Jepleting amekubali ale. Hunicheka tu, kwa huruma, kama mgeni asiyejua mambo ya nyumba hii. Asubuhi na jioni bado anaficha vitu. Nimepata mkate kwenye kiatu chake.

Wewe angekuamini. Wewe ni mtoto wake wa mwisho, hujawahi kumnyima kitu. Njoo ukae naye asubuhi, umshike mkono, umwambie kwamba umeongea na Jepleting, na Jepleting amesema sukari si kosa tena. Mwambie polepole. Mimi nitakaa upande wa pili wa mlango, nisikie akikubali.

Nisalimie Sue sana, mwambie yale majani ya chai aliyoagiza, Sally anayo pamoja na barua hii. Mbusu Kibii, mwambie shangazi yake anamwekea yule ndama, na jina atampa yeye. Waithera anakusalimu kutoka Bahati, na Kabiru wa maziwa anauliza kama huko pikipiki hupita kwenye theluji. Mama anakusalimu, au atakusalimu kesho asubuhi, nitamwambia nimekuandikia.

Mungu akulinde barabarani, akufungulie njia ya kurudi, na akukutanishe na mama angali anakungoja wewe na si mwingine.

Ni mimi dada yako, nikupendaye sana, yule anayefichwa sukari,

Jepleting.